Aliyezikwa Nje ya Ukuta

Funga mlango, Idonea, kisha njoo ukae upande huu wa kitanda, na wewe Amabel kaa upande wa pili, kila mmoja anishike mkono, maana nina maneno ya kusema, na pumzi niliyobaki nayo nimekuwa nikiipima tangu alfajiri, naona inatosha kwa maneno haya na haitoshi kwa mengine. Msiniambie nipumzike. Nitapumzika mpaka mchoke kunitazama. Hao wanawake mnaowasikia chumba cha mbele wakiponda kitani, mimi ndiye niliyewaita waje na vibao vyao na nyundo zao za mti, na nimewaamuru waponde bila kukoma mpaka niwatumie neno, hata mikono ikiwafa ganzi. Mnatazamana. Mnajiuliza mgonjwa wa kufa anataka kelele za nini mlangoni pake. Mtajua kabla sijamaliza.

Sikieni kwanza yale ambayo hata mtu wa mlangoni akiyasikia hapati kitu. Mimi, Hawisa binti Fulk, bibi wa Cleobrook, nasema nikiwa na akili zangu zote. Nilichopokea kwa baba yangu ni ngome hii, mashamba saba yanayoizunguka, kinu cha maji, msitu wa mialoni, na bonde la Nantwen lililo ng'ambo ya mto, upande wa Wales. Yote nawaachia nyinyi, kasoro bonde, ambalo nitalisemea, na kasoro nusu ya msitu, ambayo mnajua mume wangu aliikata. Ndugu wa kiume hamna, kwa hiyo sheria yetu inawagawia sawa, ila ngome haikatwi katikati kama jibini. Ngome ni ya Idonea kwa kuwa ndiye mkubwa, na Amabel atafidiwa kwa mashamba mawili ya juu, yale yenye malisho mazuri. Kinu kiwe chenu nyote. Nakujua, Idonea, utataka ufunguo wake ukae kwako, na nakujua, Amabel, utamwachia dada yako ili kuwe na amani, halafu utanung'unika miaka thelathini kila unapomega mkate. Ufunguo akae nao mke wa msaga unga, na nyote wawili mkauombe kwake.

Sasa Nantwen. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja farasi alipomwangusha baba yangu, na kabla udongo haujajazwa kaburini ami yangu Warin, ndugu yake baba, aliingia ukumbini na watu arobaini wenye silaha akakaa kwenye kiti cha marehemu. Nilisimama mbele yake nikiwa bado na matope ya makaburini miguuni. Akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia kwamba ngome ya mpakani haiwezi kushikwa na mtu anayesukwa nywele. Watu wa baba wakacheka, wale wale waliokula mkate wa baba. Mimi nikamkodolea macho kila aliyecheka mpaka nikawajua wote, na mpaka leo naweza kuwataja. Mfalme akamwondoa Warin kitini, akanikabidhi kwa mlezi ambaye sikuwahi kumwona uso, na huyo mlezi akaniozesha kwa baba yenu Hamo nilipofika miaka kumi na mitano, na siku hiyo hiyo Warin akatangaza vita.

Alituzingira majira yote ya baridi. Tulikula farasi, tukachemsha ngozi za matandiko, na nilikuwa na wewe tumboni, Idonea, ndiyo maana mpaka leo huwezi kumwona mtu akitupa ganda la mkate ukakaa kimya. Aliyetuokoa si mfalme wala padri. Alikuwa Meurig wa Nantwen, mzee ambaye babu yangu alimnyang'anya baba yake lile bonde kwa upanga, na kila mtu alidhani angefurahi kutuona tukifa. Akashuka mtoni na kondoo ishirini, akawapitisha kwenye mlango wa nyuma mmoja mmoja huku wakitota maji. Nikamuuliza kwa nini anatusaidia. Akaniambia, "Binti, babu yako alituibia mchana kweupe, kila mtu akaona. Huyu ami yako ataiba halafu aseme tulimpa. Afadhali mwizi tuliyemzoea." Nilicheka mpaka mtoto akanipiga teke. Nikamshika mkono, nikaahidi mbele ya Hamo kwamba tukipona nitamrudishia bonde lake.

Tulipona. Warin alikufa kwa jeraha la paja, akioza polepole. Na bonde sikulirudisha. Kila mwaka nilisema mwaka ujao. Meurig alikuja mara tatu, kofia mkononi, na mara ya tatu nilimwambia msimamizi amwambie nimelala, nami nilikuwa dirishani namtazama akipanda punda wake. Alikufa akiamini mimi ni wa damu ya babu yangu, na hakukosea. Basi hilo mlifanye nyinyi. Wiki ya kwanza baada ya kunizika, mvuke mto, mchimbe donge la udongo wa Nantwen lenye majani yake, mvunje na kijiti cha mti wa huko, mviweke vyote viwili mikononi mwa mjukuu wake Ieuan mbele ya watu wenu na watu wake, mseme wazi kwamba ardhi ni yake. Maneno ya karatasi pekee hayatoshi kwao, na kwa kweli hata kwetu hayatoshi. Akiwatemea mate, jifuteni. Mwanaume wa miaka ishirini aliyemwona baba yake akining'inia langoni kwa kosa la kuwinda kulungu mmoja ana haki ya kutema mate.

Ndiyo, nataja kunyongwa kwake. Hamkunisikia nikitaja kwa miaka saba. Baba yenu alipokufa kwa homa Idonea ukiwa na miaka minane na Amabel mitatu, sikumaliza hata mwaka wa kuvaa nyeusi kabla mfalme hajampa Reynald mkono wangu kwa kumtumikia vizuri vitani. Mimi nilipewa kama anavyopewa mtu mbwa wa kuwindia. Reynald mnamfahamu. Hapigi kelele, halewi, hakosi kanisani, na hajawahi kuninyanyulia mkono mbele ya watu. Yeye hutabasamu, husubiri. Alisubiri siku nne mtoto wa Meurig akiwa shimoni, watu wa Nantwen wakija kuomba kila asubuhi, na kila asubuhi akawapa pombe ya shayiri na kuwaambia kesho. Siku ya tano akamnyonga wakiwa bado na vikombe mkononi. Sasa anamsubiri Amabel. Amemwahidi mpwa wake Odo kwamba siku ardhi ikiwa mikononi mwake Amabel atakuwa mke wa Odo, na mke wa kwanza wa Odo mnajua wote kwamba alianguka ngazini, na mnajua wote kwamba nyumba ya Odo haina ngazi ndefu.

Usilie, Amabel. Nibane mkono tu. Nakuja kwenye lile lililonifanya niwaite.

Sheria mnaijua, lakini nitaisema, kwa sababu siku nitakayozikwa afisa wa mfalme ataketi ukumbini na watu kumi na wawili walioapishwa, atauliza swali moja, na kila kitu kitaning'inia hapo. Mwanamke mwenye ardhi akifa, ardhi inakwenda kwa watoto wake. Lakini ikiwa mumewe amezaa naye mtoto, na mtoto huyo amezaliwa hai, hata awe amevuta pumzi tatu tu kisha akafa, basi mume ataishika ardhi yote ya mkewe mpaka siku ya kufa kwake yeye mume, na watoto wa mume wa kwanza watakaa wakingoja kwa hisani yake. Na uhai wa mtoto hauthibitishwi kwa macho, maana wanaokuwa chumbani ni wanawake, na neno la mwanamke kwa jambo hili halipokelewi. Unathibitishwa kwa sikio la mwanamume aliyesimama nje ya mlango. Ni lazima awe amesikia kilio ndani ya kuta nne. Mume aliyesikiwa kilio ana ardhi. Ambaye hakusikiwa kilio hutoka na farasi wake na nguo zake.

Miaka kumi na miwili iliyopita, katika chumba hiki, kwenye kitanda hiki, nilimzalia Reynald mtoto. Mliambiwa alizaliwa mfu. Mimi ndiye niliyewaambia.

Uchungu ulinishika katikati ya mavuno, miezi miwili kabla ya wakati wake. Chumbani tulikuwa mimi na Goda mkunga, yule Goda mnayemwona akiota moto jikoni sasa, na wanawake wawili waliokwisha kufa. Reynald akaja mpaka mlangoni, akawaleta watu wanne huru wenye mashamba yao, wanaume ambao kiapo chao kingepokelewa popote, akawapanga nje ya mlango pale pale, akawaambia wanyamazishe kete zao. Akaamuru mbwa wafungwe mbali. Kisha akachungulia, akaniona nimelowa jasho naona nusu ya dunia, akamwambia Goda kwa sauti ile ile anayoagizia chakula, "Mimi nahitaji kilio kimoja tu. Baada ya hapo fanyeni mtakavyo." Akafunga mlango taratibu.

Wanangu, nilikuwa natoka damu nyingi. Goda hakunificha, aliniambia huenda nisione jioni. Nikawaza nyinyi wawili mliokuwa kule chini kwa yaya, mmoja ana miaka tisa na mwingine minne, nikifa saa ile, na kilio kikisikika, ardhi ni yake na nyinyi ni wake. Angewaozesha kwa aliyemtaka au angewafungia nyumba ya watawa, na hakuna mtu chini ya mbingu ambaye angemuuliza. Hiyo ndiyo ilikuwa kichwani mwangu. Siwaambii ili mnionee huruma. Nawaambia ili mjue kwamba nilifikiri, sikuwa nimerukwa na akili.

Akatoka. Alikuwa mvulana, mdogo, wa kuenea kwenye mikono miwili ya Goda, na rangi yake ilikuwa ya samawati. Goda akamgeuza, akamsikiliza kifua, akaninong'oneza, "Huyu hafiki adhuhuri, mama." Angefika, angekuwa ndugu yenu na mrithi wa yote, na ningemlea, naapa ningemlea. Lakini Goda alikuwa akizalisha watoto tangu kabla sijazaliwa na sikuwahi kusikia amekosea. Nikasema nipe. Akanipa. Nikaona kifua kinavuta, mdomo unafunguka, ule mdomo wa mtoto unaofunguka mpana kabla ya sauti kuja. Na nje ya mlango palikuwa kimya kabisa. Niliwasikia wanaume wanne wakizuia pumzi zao.

Nikaweka kiganja changu.

Sikubonyeza kwa nguvu. Hilo nimejiambia kila siku. Niliweka tu, kama mtu anavyofunika mshumaa usizimwe na upepo, na nikakaa hivyo. Goda alikuwa amesimama na bakuli la maji mkononi, maana mkunga ameruhusiwa kubatiza mtoto anayekufa ikiwa hakuna padri, maneno machache na tone la maji, basi, anakwenda mbinguni moja kwa moja. Akaniuliza kwa macho. Midomo yake ikasema maji, mama, nimtie maji. Nami nikatikisa kichwa. Elewa, Idonea, wewe mwenye haraka ya kuhukumu, elewa kwamba hawabatizi maiti. Tone lile la maji lingekuwa ushahidi kwamba alikuwa hai, na wale wanawake wawili wangesema, na padri angeandika. Nikatikisa kichwa, na Goda akarudisha bakuli juu ya kasha polepole, hata halikugonga.

Mkimwacha Goda kando, hakuna aliye hai anayejua lililofuata. Miguu yake ilinipiga tumboni. Ilikuwa na nguvu. Ilikuwa na nguvu kuliko Goda alivyosema, na nilihisi hivyo, na sikuondoa mkono. Kwa hiyo mkinitaka niwaambie kama angefika adhuhuri, sijui. Nimelala kitandani hapa miaka kumi na miwili nikiisikia ile miguu, na sijui.

Wale wanne wakaapa kwa mifupa ya mtakatifu kwamba hawakusikia kilio, na waliapa kwa haki. Reynald akaingia, akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akatazama mkono wangu. Akatabasamu. Mimi sikufa jioni ile, wala kesho yake, nikaishi miaka kumi na miwili naye mezani, na kila nikiinua kikombe huwa anautazama mkono huu. Asiyebatizwa haingii makaburini, mnajua. Goda alimfunga kitambaa cha kitani, akamzika nje ya ukuta wa kanisa, upande wa kaskazini, karibu na dimbwi la kuoshea kondoo, na akaweka jiwe la kusagia lililopasuka juu yake ili mbwa wasimfukue. Hayuko motoni na hayuko kwa Mungu. Yuko pale wanapokaa wasio na jina. Nilimnyima mbingu kwa ajili ya mashamba saba na kinu.

Usiondoe mkono wako, Idonea. Umeuondoa. Haya. Utaurudisha ukiwa tayari.

Sasa sikieni kwa nini nawaambia leo badala ya kwenda nalo. Kati ya wale wanne amebaki mmoja, Piers. Reynald amekuwa akimkaribisha tangu mavuno, amempa nyumba nzuri karibu na kinu, na hata Goda, Reynald amempa kiti cha moto jikoni na nyama kila Jumapili. Piers ni mtu mwaminifu, ndiyo shida yake. Alikuja kuniona wiki iliyopita, akasimama hapo akipindapinda kofia, akasema, "Mama, siku ile nilisikia kitu. Kidogo sana. Nilidhani ni bawaba ya mlango." Nikamuuliza ataapa nini. Akasema ataapa hivyo hivyo, kwamba alisikia kitu na hakujua ni nini. Kwa kitu kisichojulikana wale kumi na wawili hawampi mtu ardhi. Wanahitaji mdomo mmoja wa kukipa jina kile kitu, na mdomo huo ni wangu. Neno la mwanamke mzima hawalipokei, lakini neno la mwanamke anayekata roho, lililosikiwa na wanaume wawili na padri, hilo wanalipokea.

Ndipo Reynald akaja jana mchana, akaketi hapo ulipo Amabel, akanipangusa jasho kwa kitambaa chake mwenyewe. Akasema, "Hawisa, sema tu alilia, na sema Goda alimtia maji. Padri amekubali. Atamtoa kule kwenye matope amlaze ndani, miguuni pako. Mimi ni mtu wa miaka hamsini na mitano, nitaishika ardhi kwa muda gani? Wasichana watasubiri kidogo. Yeye amesubiri vya kutosha."

Mungu anajua nilifungua mdomo. Nilikuwa na neno ulimini. Nilimwona amelala ndani ya ukuta, kwenye majani yaliyokatwa vizuri, kengele ikipigwa juu yake. Kisha nikamtazama Reynald na nikaona anautazama mdomo wangu, ule mtazamo wa siku ile, wa mtu anayesubiri kilio kimoja tu. Nikamwona Odo. Nikawaona wale wa Nantwen na vikombe vyao. Nikasema, "Hakulia." Akanishukuru, akakunja kitambaa chake, akatoka. Hivyo ndivyo nilivyomfunika mtoto wangu mdomo mara ya pili, na safari hii sikuwa na damu wala uchungu wa kusingizia.

Kwa padri sijalitubu hili, maana anakula mezani kwa Reynald na uso wake ni mwepesi kusomeka. Nitakwenda nalo bila kusamehewa, basi sina haki ya kulala ndani. Agizo langu la kwanza ni hilo: mnizike nje ya ukuta, upande wa kaskazini, chini ya lile jiwe la kusagia, kichwa changu kikiwa karibu naye. Asipoweza yeye kuingia nilipo, mimi nitatoka alipo. Watu watauliza inakuwaje bibi wa Cleobrook azikwe dimbwini na kondoo. Semeni ni unyenyekevu wake. Watu hupenda kusikia hivyo juu ya wakubwa waliokufa. Padri akikataa, mwambieni mimi ndiye niliyeezeka paa la kanisa lake.

Goda mpeni joho langu la manyoya, mlisheni mpaka afe, na msimuulize hata mara moja. Piers mwacheni na nyumba yake. Msiitoe ngome mikononi mwenu hata kwa siku moja, kabla ya mazishi wala baada yake. Mtu mmoja wa kwenu alale langoni, na mumeo akirudi kutoka vitani, Idonea, mwambie milki ni yako na yeye ni mgeni wa heshima. Amabel usiolewe na mtu anayetabasamu kabla ya kusikia mwisho wa habari. Na msile kiapo cha uongo. Mkiulizwa kama mama yenu alisema mtoto alilia, jibuni kwamba alisema hakulia. Nimesema hivyo, jana, mbele ya mume wangu. Hamtakuwa mmeongopa hata kidogo.

Nipe maji, Amabel. Kidogo. Yatosha.

Jina lake ni Fulk. Nilimpa peke yangu, bila maji na bila padri, kwa hiyo si jina mbele ya Mungu, lakini nyinyi mlijue. Mkipita pale msisimame, watu wataona. Mwiteni moyoni mkipita.

Umerudisha mkono wako. Ahsante, mwanangu. Naona una uso wa baba yangu ukikasirika, na nilimpenda sana baba yangu.

Sasa inameni niwabariki, kwa mkono wa kushoto, huu mwingine siutumii kwa baraka. Mwenyezi Mungu ambaye sina uso wa kumtazama awatazame nyinyi. Mashamba yazae, kondoo wapate mapacha, mto ukae mahali pake. Watoto wenu wazaliwe wakipiga kelele mpaka ng'ambo ya mto wasikie. Kila mmoja wao alie. Waacheni walie... mchana na... waacheni.

Ngoja. Mnasikia?

Hamsikii kitu. Ndiyo. Hawapondi tena. Sikuwatumia neno, mimi. Amewanyamazisha mtu. Idonea, tazama chini ya mlango. Viatu vya watu wangapi? Usiseme, nionyeshe kwa vidole... Watatu. Yeye, Piers na padri. Wamesimama pale pale.

Sogeeni, nitanong'ona. Juzi homa ilipopanda niliongea ovyo, yule msichana wa kunifulia aliniambia nilipiga kelele nikasema mwache alie, mwache alie. Tangu saa hiyo Reynald ameweka kigoda nyuma ya mlango. Na sasa inapanda tena. Naisikia magotini, inakuja juu. Dari imeanza kusogea. Mkiniona nazungumza na mtu asiyekuwepo, itakuwa ni yeye, na nitamwambia yote kwa sauti, sitaweza... nimekaa naye kimya muda mrefu mno.

Amabel. Mkono wako. Si wewe, Idonea, wewe utabonyeza kwa hasira. Amabel atabonyeza kwa huruma, kama mimi. Weka hapa. Hapa, mdomoni. Usiogope, ni mpaka waondoke tu. Nitapiga miguu... itakuwa na nguvu kuliko unavyodhani... usiitazame. Mtazame dada yako.

Haya, mwanangu. Kabla sijalia.